Jino linapouma: jinsi ya kulielewa, na wakati gani usisubiri hadi kesho

Jino lililokukesheza wiki nzima likinyamaza ghafla asubuhi moja, usishangilie bado. Hapo ndipo wengi wanapoahirisha safari ya hospitali wakisema dawa imefanya kazi. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba kiini cha jino kimekufa. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikipiga kelele haipo tena, lakini vijidudu viko palepale, na sasa vinateremka kwenye mzizi kuelekea mfupa wa taya bila kizuizi. Siku au wiki kadhaa baadaye shavu linavimba.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu hauanzi na vidonge vya maumivu. Ukali wa maumivu si kipimo cha hatari. Jino linaweza kukutoa machozi usiku kucha na bado likasubiri mpaka kuche, na uvimbe usiouma sana chini ya kidevu ukamziba pumzi mtu mzima mwenye afya yake ndani ya siku moja au mbili. Tuanze na hatari, kisha tulielewe jino lenyewe, halafu ndipo tuzungumzie kutuliza maumivu.

## Hatua ya kwanza: jikague kabla ya kumeza chochote

Kaa mbele ya kioo penye mwanga, au mwombe mtu wa nyumbani akumulike kwa tochi ya simu. Linganisha mashavu mawili. Papasa chini ya taya upande wa kulia, upande wa kushoto, kisha chini ya kidevu. Panapaswa kuwa palaini. Fungua mdomo kadiri uwezavyo, uweke vidole vitatu vilivyopangana (shahada, kati na pete) katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Watu wazima wengi vinawaingia. Vikiingia viwili tu au kimoja, na jana ulikuwa ukifungua vizuri, misuli ya taya imeguswa na maambukizi. Meza mate. Inua ulimi. Pima joto la mwili kama kipimo kipo.

Nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku, ukikuta lolote kati ya haya:

- Unapumua kwa shida, au huwezi kulala chali bila kuhisi unakabwa.
- Kumeza kunashindikana, mate yanakutoka mdomoni.
- Uvimbe umeingia chini ya kidevu au shingoni, hasa ukiwa mgumu na uko pande zote mbili.
- Ulimi umeinuliwa juu na sauti imebadilika, unaongea kama mtu mwenye chakula cha moto mdomoni.
- Uvimbe wa shavu umepanda mpaka jicho linafumba, au unaona viwiliviwili.
- Mdomo haufunguki, na una homa ya nyuzi 38 au zaidi, unatetemeka kwa baridi, au umechanganyikiwa.
- Umegongwa taya, na meno hayakutani kama zamani.
- Damu baada ya kung'oa jino haikomi ingawa umebana pamba kwa nusu saa nzima.

Uvimbe wa chini ya kidevu nausisitiza kuliko yote. Daktari wa Kijerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na hadi leo madaktari wanauita kwa jina lake. Mara nyingi chanzo chake ni gego la chini lililooza, la pili au la tatu. Mizizi ya magego hayo inashuka chini ya mahali ambapo msuli wa sakafu ya kinywa umejishikiza kwenye taya, kwa hiyo usaha ukitoboa mfupa hauishii kwenye ufizi ambako ungeonekana na kutumbuliwa. Unaingia moja kwa moja shingoni. Sakafu ya kinywa inavimba, ulimi unasukumwa juu na nyuma, njia ya hewa inafungwa. Mgonjwa hafi kwa jino, anakufa kwa kukosa pumzi.

Mtu wa namna hii asipelekwe kliniki ya meno ya mtaani yenye kiti kimoja. Apelekwe hospitali kubwa iliyo karibu zaidi yenye kitengo cha dharura na chumba cha upasuaji: ya wilaya, ya mkoa au ya rufaa. Njiani akae wima, ainame mbele kidogo akitaka, na asilazimishwe kulala kwenye kiti cha nyuma cha gari. Asipewe chakula, maana huenda akahitaji upasuaji usiku uleule.

Wapo wasiopaswa kusubiri hata dalili zikiwa ndogo: mwenye kisukari, anayetumia dawa za kushusha kinga au tiba ya saratani, anayeishi na VVU ambaye kinga yake iko chini, mzee aliyedhoofika. Kwao uvimbe mdogo wa asubuhi unaweza kuwa mkubwa jioni.

## Hatua ya pili: sikiliza jino linavyouma

Ukiwa huna dalili hizo, una nafasi ya kutulia na kulichunguza jino. Gamba jeupe la nje halina fahamu yoyote, na ndiyo maana jino linaweza kuoza miezi mingi bila wewe kujua. Chini yake kuna tabaka la manjano lenye vijitundu vidogo mno vinavyopitisha baridi, joto na utamu hadi ndani. Katikati kuna kiini, chenye mishipa ya damu na ya fahamu, kilichozungushiwa kuta ngumu pande zote. Kikivimba hakina pa kupanukia. Maumivu makali ya jino yanatoka hapo.

Maji baridi, soda au embe bichi likikuchoma mara moja, kisha maumivu yakakatika ndani ya sekunde chache, kiini kimekasirika lakini bado ni kizima. Huenda pana tundu dogo, au ufizi umerudi nyuma na mzizi uko wazi kwa sababu ya kupiga mswaki kwa nguvu nyingi. Huu ndio wakati wa bei nafuu. Jino linazibwa, kwa kawaida kwa safari moja, na linaokoka. Nasikitika kwamba wengi huupuuza wakati huu kwa vile maumivu yenyewe ni mafupi.

Ukinywa chai ya moto jino likauma, na ukaendelea kuhesabu nusu dakika, dakika, dakika tano na bado linadunda, mambo yamebadilika. Dalili nyingine za hatua hii ni jino kuuma lenyewe bila kuguswa, kukuamsha usiku, na kuzidi ukilala, kwa kuwa damu nyingi zaidi inaelekea kichwani. Wengine hushika maji baridi mdomoni ndipo wapate nafuu. Kiini cha namna hii hakiponi tena. Kuziba tundu juu yake ni kufungia ugonjwa ndani. Yanabaki mawili: kusafisha mizizi na kuijaza, au kung'oa.

Jino linalouma ukiling'ata tu, ambalo unahisi kama limerefuka na linagusana kabla ya mengine, limeshafikisha maambukizi kwenye ncha ya mzizi. Baridi na joto huenda halizisikii tena. Gonga taratibu kila jino kwa mpini wa kijiko, utalijua. Wakati mwingine kipele kinatokea kwenye ufizi, kinapasuka na kutoa majimaji ya chumvichumvi yenye harufu, kisha maumivu yanapungua. Jipu limepata mlango wa kutokea, lakini chanzo kipo. Kipele kitajifunga na kujifungua miezi mingi, na mfupa wa taya unaendelea kuliwa.

Maumivu makali ya ghafla unapoachia kung'ata, si unapong'ata, yanaashiria ufa. Waulize waliotafuna kokoto kwenye wali, waliovunja mifupa au wanaofungua chupa za soda kwa meno. Ufa hauonekani kirahisi hata kwenye eksirei, kwa hiyo mweleze daktari hasa ni wakati gani jino linakukata. Maelezo hayo yana thamani kuliko picha.

Kijana wa miaka 17 hadi 25 anayelalamika taya nyuma kabisa, sikio linauma na kumeza kunakwaruza, aangalie gego la mwisho la chini. Likiota nusu, ufizi unabaki umelifunika kama kifuniko, chakula kinanasa chini yake na vijidudu vinastawi. Kusukutua maji ya chumvi kwa bidii na kusafishwa pale kunatosha mara nyingi kwa tukio la kwanza. Likijirudia, au mdomo ukaanza kukataa kufunguka, gego hilo lisiachwe.

Fizi nazo zina maumivu yake. Zikiwa zinatoka damu na zimelegea kwa ukoga wa miaka mingi, maumivu huwa ya chinichini na meno kadhaa kwa pamoja. Lakini fizi zinazouma sana, zenye harufu kali, ambazo ncha zake kati ya meno zinaonekana kama zimeliwa na zimefunikwa utando wa kijivu, zinahitaji tiba ndani ya siku moja au mbili. Hutokea kwa watu ambao mwili umechoka kwa lishe duni, msongo mzito au upungufu wa kinga, na ni sababu nzuri ya kupima VVU kama hujapima karibuni.

Kabla hujaling'ang'ania jino moja, kumbuka kwamba maumivu ya meno husafiri. Gego la chini hupeleka maumivu sikioni, la juu huyapeleka kwenye panja, na mtu anaweza kuapa kwamba ni jino la juu kumbe ni la chini. Ila maumivu ya jino kwa kawaida hayavuki katikati ya uso kwenda upande wa pili. Kwa hiyo usimwamuru daktari ang'oe jino ulilolichagua wewe. Mwache aligonge, alipime kwa baridi, na akiweza apige eksirei. Yapo meno mazima yaliyong'olewa kwa sababu mgonjwa alikuwa na hakika mno.

Na yapo maumivu ambayo si ya jino kabisa. Mafua yakifuatiwa na magego kadhaa ya juu kuuma kwa pamoja, na yakazidi ukiinama kama mtu anayerukuu, shuku mifuko ya hewa iliyo kando ya pua. Maumivu ya kukata kama shoti ya umeme, ya sekunde chache, yanayoamshwa na upepo au kunawa uso, hutoka kwenye mshipa wa fahamu wa uso, na kung'oa meno hakuyaondoi. Mwenye selimundu anaweza kupata maumivu ya taya wakati wa shambulio la ugonjwa wake. La kuogopwa zaidi ni taya kubana unapopanda ngazi au kubeba mzigo, pamoja na jasho, kichefuchefu, kifua kizito au mkono kufa ganzi. Huo ni moyo. Kimbilia dharura.

Kwa wasomaji wa Arusha, Meru na Moshi: madoa ya kahawia kwenye meno tangu utotoni hutokana na floridi nyingi katika maji ya huko, na hayo peke yake si uozo wala chanzo cha maumivu. Jino likiuma, tafuta sababu nyingine.

## Hatua ya tatu: amua unaenda lini

Ukiwa na dalili za hatua ya kwanza, ni sasa. Ukiwa na uvimbe wa shavu au ufizi bila dalili hizo, jino linalokuamsha usiku, au mdomo ulioanza kukaza, ni leo au kesho asubuhi. Jino linalosikia baridi kwa sekunde chache, kujaza kulikodondoka au ncha iliyovunjika bila maumivu, ni ndani ya wiki hii au ijayo. Na lile lililouma kisha likanyamaza lenyewe lihesabu kuwa la wiki hii, usilisogeze.

Ukishindwa kwenda siku hiyo, chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe kwenye ngozi. Kila baada ya saa chache tazama. Uvimbe ukivuka mstari, safari haisubiri tena.

## Hatua ya nne: tuliza maumivu ipasavyo

Kwa mtu mzima asiye na vikwazo, dawa inayofanya kazi vizuri kwa jino ni ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 8, pamoja na parasetamoli miligramu 1000, yaani vidonge viwili vya 500, kila baada ya saa 6. Zinatuliza kwa njia tofauti, ndiyo maana zinaweza kwenda pamoja, na pamoja hupita nguvu ya moja peke yake. Parasetamoli isizidi vidonge vinane vya 500 kwa saa 24. Soma boksi kwa makini, kwa sababu madukani kuna vidonge vingi vya mchanganyiko ambavyo tayari vina parasetamoli, na mtu hujikuta amemeza mara mbili bila kujua. Kipimo kikizidi, ini huharibika kimyakimya.

Usitumie ibuprofeni ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, ukitumia dawa za kuzuia damu kuganda, ukiwa mjamzito, au kukiwa na shaka ya homa ya dengi. Wewe tumia parasetamoli pekee. Wala usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni ndugu wa ukoo mmoja: faida haiongezeki, madhara ya tumbo na figo yanaongezeka.

Kisha fanya haya madogo yanayosaidia kweli. Sukutua kwa glasi ya maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi, mara kadhaa kwa siku. Ondoa chakula kilichonasa kwa uzi wa meno, si kwa pini. Lala umeinua kichwa kwa mito miwili. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa juu ya shavu kwa dakika 15 hadi 20, uondoe, urudie. Usikande shavu lililovimba kwa maji ya moto.

Karafuu ina haki ya kutajwa kwa heshima. Mafuta yake yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo kweli inatia ganzi, na madaktari wa meno duniani kote huichanganya na unga wa zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo bibi wa Pemba anayekuambia ung'ate karafuu hakupotezi. Weka karafuu moja au mbili juu ya jino, uzing'ate taratibu zilainike. Ukitumia mafuta, chovya ncha ya pamba tu, uguse tundu, usiyamwage kwenye ufizi kwa maana yanaunguza. Usiyampe mtoto mdogo, yakimezwa ni sumu kwa ini. Na jua kwamba karafuu inanunua saa chache, haiponyi.

Vingine viache kabisa. Maji ya betri, mafuta ya taa, petroli na dawa za kuua wadudu huchoma ufizi na mfupa, na watu huyameza. Aspirini iliyosagwa na kuwekwa kwenye ufizi inaacha kidonda cheupe kinachouma kuliko jino. Ugoro na konyagi mdomoni havisaidii chochote. Moshi wa mbegu za tunguja, unaosemekana kuwatoa wadudu wa jino, nao haufai: kinachoozesha jino ni bakteria wasioonekana kwa macho, wanaogeuza sukari kuwa asidi, na chochote kinachodondoka kwenye sahani hakikutoka kwenye jino lako.

## Kuhusu antibiotiki

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtu anafika duka la dawa, anasema jino, anapewa amoksilini na metronidazoli, anakwenda. Nafuu ikija, mara nyingi ni ya dawa ya maumivu aliyopewa pamoja nazo. Kwenye jino ambalo kiini kimewaka lakini hakuna uvimbe wala homa, antibiotiki hazipunguzi maumivu. Kiini kikishakufa mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa hakina tena mishipa ya damu, na dawa husafiri kwa damu. Haifiki kule vijidudu viliko.

Antibiotiki zina nafasi yake: uvimbe unaosambaa, homa, mdomo kukaza, mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Hata hapo ni msaidizi wa kazi kuu, ambayo ni kuutoa usaha na kukiondoa chanzo. Ukiandikiwa, tumia kama ulivyoelekezwa, usigawane na jirani, na usinywe pombe ukiwa kwenye metronidazoli. Uvimbe usipoanza kupungua ndani ya siku mbili hadi tatu, rudi. Usinunue nyingine yenye nguvu zaidi.

Kuna imani kwamba jino lililovimba haling'olewi mpaka uvimbe uishe. Imeponza wengi. Kwa mgonjwa anayeweza kufungua mdomo, kulitoa jino mapema au kutumbua jipu ndiyo tiba yenyewe, na kusubiri wiki ya vidonge kunampa ugonjwa muda. Uamuzi ni wa daktari, lakini muulize moja kwa moja: kwa nini si leo?

## Mtoto akiumwa

Meno ya utotoni yanastahili kutibiwa hata kama yatang'oka. Maambukizi yake yanaweza kuharibu jino la kudumu linalokua chini, na kwa mtoto uvimbe wa uso husambaa haraka. Mpe parasetamoli kwa uzito wake, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na asipewe aspirini. Mtoto mwenye shavu lililovimba na homa, anayekataa kunywa, anaenda hospitali leo.

Kuota meno hakuleti homa kali wala kuhara. Nalisema hili kwa sababu ya kile kinachoitwa meno ya plastiki, au meno ya nailoni, ambapo mtoto mchanga mwenye homa na kuhara anachokolewa fizi na kutolewa machipukizi ya meno kwa kifaa kisicho safi. Uganda wanayaita ebino. Vinavyoonyeshwa kwa wazazi ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo hayajakomaa. Watoto hupoteza damu, hupata maambukizi ya damu, na ule ugonjwa halisi, iwe malaria, nimonia au kuhara, unaendelea bila tiba. Mchanga mwenye homa apelekwe zahanati, asipelekwe kwa mchokoaji.

Mawili mengine mzazi wa ukanda wetu ayajue. Taya ya mtoto ikivimba haraka kwa wiki chache, meno yakalegea bila kuoza, na maumivu ni madogo, usikubali ang'olewe tu na kurudishwa nyumbani. Inaweza kuwa saratani ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, nayo hutibika vizuri kwa dawa ikiwahiwa. Na mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda kwenye ufizi chenye harufu mbaya na shavu likaanza kubadilika rangi, ni dharura ya siku hiyohiyo. Ugonjwa huo, noma, hula uso ndani ya siku chache, na Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023. Antibiotiki za mapema pamoja na lishe huokoa maisha na uso wa mtoto.

## Jino likitolewa na ajali

Bodaboda, mpira, kuanguka kisimani. Jino zima la kudumu likitoka na mzizi wake, saa moja ya kwanza ndiyo inayoamua, na dakika chache za mwanzo zina thamani kuliko zote. Lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Likiwa chafu lisuuze kidogo kwa maziwa au maji yanayotiririka kwa sekunde chache, usilisugue wala kulifuta. Lirudishe kwenye tundu lake likitazama upande sahihi, kisha mwenye jino ang'ate kitambaa safi. Ukishindwa, litie kwenye kikombe cha maziwa baridi, si maji, na mkimbie kwa daktari wa meno. Likiwa jino la utotoni usilirudishe, utaumiza lile la kudumu linalokuja. Na aliyezimia au kutapika baada ya kugongwa, kichwa chake kinatangulia meno.

## Ukifika kwenye kiti

Jiandae kusema mambo machache bila kuulizwa: maumivu yalianza lini, nini huyaamsha, hudumu muda gani, dawa ulizokunywa na saa ngapi, ugonjwa wowote ulio nao, ujauzito, mzio wa penisilini. Sindano ya ganzi inayotumika kwa kawaida haina madhara kwa mjamzito. Maambukizi yaliyoachwa ndiyo yanayomhatarisha yeye na mtoto. Miezi ya katikati ndiyo mizuri zaidi kwa matibabu yanayoweza kupangwa, ila dharura haingojei mwezi.

Ganzi hushika kwa shida kwenye sehemu iliyovimba. Ukisikia maumivu inua mkono, useme. Kuna njia ya kuchoma mbali zaidi na jino na kulifisha ganzi taya zima. Na ukitishwa kwamba kung'oa jino la juu kunapofusha macho, si kweli. Jipu la jino la juu lililoachwa ndilo linaloweza kufika kwenye jicho.

Kung'oa ama kutibu mzizi? Katika hospitali nyingi za wilaya utapewa kung'oa kwa sababu vifaa vya tiba ya mzizi havipo, na gharama yake ni kubwa zaidi. Kung'oa ni tiba halali. Lakini likiwa jino la mbele, au gego la kwanza ambalo bado lina kuta nzuri, uliza kama tiba ya mzizi inapatikana kwenye hospitali ya mkoa au ya rufaa, au pale Muhimbili, Dar es Salaam, ambako madaktari wa meno hufundishwa. Jino likifunguliwa na kuwekewa dawa ya muda, maumivu hutulia na unapata wiki kadhaa za kujipanga kifedha.

Ukishang'olewa, bana pamba kwa nusu saa bila kuitoatoa kuangalia. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, usivute sigara: bonge la damu lililoganda kwenye tundu ndilo bendeji yako. Siku ya pili anza maji ya chumvi, taratibu. Damu ikirudi, kaa wima, kunja kitambaa safi chenye unyevu, ukibane juu ya tundu kwa nusu saa nyingine kabla ya kuogopa. Uvimbe wa siku mbili au tatu baada ya upasuaji wa gego ni wa kawaida, unaoongezeka baada ya hapo pamoja na homa si wa kawaida.

Na ikiwa siku ya pili hadi ya nne, baada ya kuanza kupata nafuu, maumivu yanarudi makali yakipanda sikioni, tundu liko tupu na linanuka, bonge lile limetoka na mfupa uko wazi. Huwapata zaidi wavutaji na waliong'olewa magego ya chini. Rudi palepale ulipong'olewa. Tundu litasafishwa na kuwekewa dawa ndani, na nafuu huanza kuonekana siku hiyohiyo.